Wanafunzi wakifunga chuo vitu wanavyoacha tuvifanyeje? Naomba mawazo wadau

mwakilishi_ghorofa3

Habari zenu wadau, naomba tusaidiane hapa. Mi ni mwakilishi wa wanafunzi hosteli kwetu na kila mwisho wa mwaka roho inaniuma kwa ninachokiona. Ile siku ya mwisho ya kurudisha funguo jalala la nyuma linafurika, na sio taka jamani, ni vitu vizima kabisa, feni inazunguka, taa ya mezani inawaka, ndoo, hanga, mapazia, viatu ambavyo soli haijaisha hata kidogo, daftari limeandikwa kurasa za mbele tu. Mtu gari linaondoka alfajiri, begi limeshajaa, hana pa kuvipeleka, basi anatupa. Alafu baada ya miezi michache wanaingia wa mwaka wa kwanza wanaanza kununua vitu vilevile upya, na wengine unajua kabisa hata hela ya kununua hawana.

Sasa mwaka huu nataka tufanye kitu. Nilichofikiria ni kuweka maboksi makubwa pale mlangoni siku ya mwisho, watu waweke wasivyovitaka, sisi tuvipeleke kituo cha watoto yatima. Hii itafanya kazi? Vitu gani tusipokee? Na magodoro mnafanyaje maana ndo mengi kuliko chochote. Uongozi umesema hautatuzuia ila hautaki kubaki na mzigo. Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.

mlezi_mstaafu

Mwanangu hongera kwa moyo huo. Nimelea wanafunzi hosteli miaka mingi, nikuambie tu ukweli, siku ya mwisho umeshachelewa. Siku ile mtu hana akili ya kuchambua, anafagia meza yote kwa mkono mmoja inaingia kwenye mfuko, pasi nzuri inachanganyika na chupa ya mafuta iliyovuja na karatasi chafu, hapo hata ukiikuta pasi hutaitaka tena. Na boksi lisilo na mtu pembeni linageuka pipa la taka kabla ya jioni, mmoja akitupa ganda tu wa pili anajua hapa ndo pa kutupia.

Anza wakati mitihani inaendelea. Watu hawamalizi siku moja, kuna anayemaliza wiki ya kwanza na wa wiki ya mwisho. Kila ghorofa weka meza moja, sio boksi, meza, vitu vionekane, na uandike kwamba anayetaka achukue hapohapo. Utashangaa, nusu ya vitu havitafika hata chini, jirani anachukua ndoo ya jirani mambo yameisha, hakuna kubeba wala gari. Vinavyobaki ndo unavikusanya jioni na wenzako wawili watatu, mnachambua palepale mtu akiwa bado yupo, maana ukimkuta mwenyewe unamuuliza hii inafanya kazi? chaja yake iko wapi? Akishaondoka hakuna wa kukujibu.

Jambo lingine wakague mifuko ya nguo na kurasa za vitabu kabla hawajatoa. Vyeti, vitambulisho, picha za nyumbani, vyote nimeshavikuta humo.

msomaji_wa_pembeni

Naungana na mama hapo juu ila kwenye la yatima naomba nitofautiane kidogo. Sio kwamba ni vibaya, ila kituo cha watoto kinafanya nini na taa za kusomea mia na kikokotoo cha hesabu za chuo na koti la maabara? Wataona aibu kukataa, watapokea, alafu wao ndo watahangaika kutafuta pa kuvitupa, yaani mzigo umeuhamisha tu. Piga simu kwanza, uliza wanahitaji nini, na upeleke hicho walichotaja basi. Mashuka, blanketi, madaftari, sabuni ambazo hazijafunguliwa, hivyo mara nyingi vinahitajika.

Vilivyobaki mwenye navyo wa haki ni mwanafunzi anayekuja. Chuo Kikuu cha New Hampshire kule Marekani wanafunzi walianzisha mpango wa namna hii mwaka 2011 wakauita Trash 2 Treasure. Wanakusanya wakati watu wanahama, wanatunza likizo yote, chuo kikifunguliwa wanawauzia wageni kwa bei ya chini na ile hela ndo inagharamia kazi ya mwaka unaofuata, hawategemei mfuko wa mtu. Ulivyofanikiwa, mwaka 2013 likazaliwa shirika la kusaidia vyuo vingine, Post-Landfill Action Network. Sasa ukiangalia vizuri utaona ugumu wote uko kwenye ile likizo katikati. Anayetoa yupo, anayehitaji yupo, ila hawakutani. Kwa hiyo kabla ya kutafuta maboksi tafuta chumba. Chumba kikavu chenye ufunguo. Ukikosa chumba punguza unachopokea, usipokee kila kitu kwa sababu tu ni kizima.

Na viwe vya bei ndogo au bure kwa anayeuliza, bila kumfanya mtu ajieleze umaskini wake mbele ya foleni. Hilo naliona la muhimu sana.

usafi_kwanza

Nyie mnaongelea meza na chumba, kunguni je?? Godoro usipokee. Narudia usipokee, labda kama uongozi una namna ya kuyashughulikia kitaalamu. Kunguni mmoja jike aliyeshapandwa anatosha kuanzisha ukoo mzima, na anakaa miezi bila kula, kwa hiyo ile likizo unayosema mtunze vitu yeye anaisubiri tu humo ndani. Kule Boston, Marekani, mikataba mingi ya nyumba inaanza tarehe 1 Septemba, wanafunzi wanahama kwa pamoja barabara zinajaa makochi na magodoro, na wakaguzi wa jiji wanapita kubandika stika za onyo kwenye vyenye kunguni ili watu wasiokote.

Kitu chochote cha kitambaa au mbao kipekue. Chukua tochi, angalia kwenye mishono na pembe na kwenye tundu za skrubu, ukiona vidoti vyeusi kama umedonoa kalamu ya wino, au vigamba vyepesi rangi ya kahawia, kitoe nje mara moja. Nguo na mashuka fua kwa maji ya nyuzi 60, hapo wanakufa na mayai yao. Kuanika juani peke yake usikuamini, wanakimbilia upande wenye kivuli.

Usipokee pia mito, chupi zilizovaliwa, vipodozi vilivyofunguliwa, chakula kilichofunguliwa, na dawa za aina yoyote. Dawa waulize famasi ya karibu kama wanapokea za kuteketeza, usimpe mtu antibayotiki aliyoacha mwenzake asee.

fundi_waya

Mi nachangia upande wa umeme. Kila kitu kichomekwe mbele ya mwenyewe, kisichowaka kiende kwa fundi au kwa wanaokusanya vifaa chakavu. Waya wa ekstensheni ndo uangalie kwa makini, shika plagi, kama plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia karibu na miguu ilishawahi kuungua, kata waya kabisa ili asije mtu akaiokota tena. Birika la umeme na pasi pinda waya pale unapoingilia kwenye mwili wa kifaa, ndo panapokatikaga.

Simu na kompyuta mwenyewe atoke kwanza kwenye akaunti yake NDO afute kila kitu. Watu wanafuta bila kutoka, simu inajifunga, mpya anaikuta inadai neno la siri la mtu ambaye yuko mbali na namba imebadilika, simu nzima ila haina kazi. Betri iliyovimba usiiweke kwenye lundo wala kwenye taka za kawaida, zikigandamizwa kwenye gari la taka zinashika moto.

Na meza za mbao zile za kuunga, ukifungua weka skrubu kwenye kimfuko ukibandike kwa gundi ya karatasi kwenye ubao wake uleule. Bila hivyo ni mbao tu.

mwakilishi_ghorofa3

Asanteni sana wote, shikamoo mama mlezi. Nimebadilisha mpango. Godoro hapana. Meza kila ghorofa kuanzia wiki ya kwanza ya mitihani, yatima nitawapigia kesho niulize wanachohitaji. Tatizo limebaki chumba, uongozi unacho kimoja cha stoo ila wanaogopa tutapotea na ufunguo.

mlezi_mstaafu

Marahaba mwanangu. Waandikie barua ya ukurasa mmoja, weka tarehe ya kuingiza na tarehe ya kutoa, na jina la mtu wa mwaka wa pili ambaye mwakani bado atakuwepo, sio wewe unayemaliza. Orodha ya vilivyomo ibandikwe mlangoni kwa ndani na nakala wapewe wao. Na waambie kabisa kwamba kisichochukuliwa ndani ya wiki mbili baada ya kufungua chuo mtakitoa wenyewe kwa gharama yenu. Wakiona hiyo sentensi ya mwisho watakupa ufunguo.