Hurrem wa pili: mwigizaji akiondoka, mhusika apewe sura mpya au azikwe?

Wifi yangu alizima TV. Hakupunguza sauti wala hakuhamia chaneli nyingine. Alinyoosha rimoti akazima kabisa, kisha akanigeukia: "Wifi, yule siye. Siwezi kumkodolea macho mwanamke nisiyemjua, kavaa nguo za Hurrem, anaitwa Hurrem, halafu niambiwe nimpende." Mama alikuwa mkekani anachambua mchele, ungo uko mapajani. Hakuinua hata uso. "Washa bwana," akasema. "Kakua tu huyo."

Ubishi ulianzia hapo na mpaka leo haujaisha, ndiyo maana nauleta kwenu. Mwigizaji akiondoka katikati ya tamthilia, mhusika wake apewe mtu mwingine, au hadithi imuue tumzike tujue moja?

Kwa ambaye hakuifuatilia: nazungumzia Muhteşem Yüzyıl ya Uturuki, ile ambayo kwetu tuliijua kwa jina la Sultan ilipooneshwa Azam TV ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Kwao ilianza Januari 2011 ikaisha Juni 2014, misimu minne, sehemu 139. Halit Ergenç ndiye Sultan Suleiman mwanzo mpaka mwisho. Hurrem, yule binti aliyeletwa Istanbul akiwa mtumwa akaishia kuwa mke wa ndoa wa sultani, alianza kuigizwa na Meryem Uzerli. Mwaka 2013, msimu wa tatu ukielekea ukingoni, Uzerli aliondoka akarudi Ujerumani alikozaliwa, akasema amechoka kupita kiasi. Msimu wa nne ukaja na Vahide Perçin.

Mimi nasimama na Hurrem wa pili, na nasimama naye kwa moyo wote. Lakini wifi nisimdhulumu, kwa sababu hoja yake ina uzito.

Uzerli hakuwa mzuri wa sura tu. Amezaliwa Kassel, mama Mjerumani, baba Mturuki, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ya ugenini. Hurrem naye alikuwa mgeni: anasemwa kuwa mtoto wa kasisi kutoka Rohatyn, mji ulioko Ukraine ya leo, alitekwa na Watatari akauzwa. Basi Mturuki aliyekaa kwake akitazama alikuwa anamsikia mgeni kwelikweli akijifunza lugha ya kasri, neno kwa neno. Hata jina Hurrem maana yake ni mtu mwenye furaha, mchangamfu, na Uzerli alilibeba jina hilo kwa kicheko chake. Wifi anaposema "yule siye", kicheko kile ndicho anachokililia. Namwelewa.

Ila hapo hapo ndipo ninapomkamata. Ile lafudhi sisi hatukuisikia. Tulichosikia ni Kiswahili, tena Kiswahili kilichonyooka, kutoka kwa dada wa kwetu aliyekaa studio na vipokea sauti masikioni. Mtazamaji wa tamthilia iliyotiwa sauti anaishi na watu wawili ndani ya mhusika mmoja: uso wa mtu wa Istanbul, koo la mtu wa kwetu. Tangu sehemu ya kwanza tulikubali kwamba mdomo unatamka hili na sikio linapokea lile. Midomo ikifunga mapema, sauti bado inamalizia sentensi, na hakuna aliyelalamika. Tulilia naye, tukagombana kwa ajili yake, kuna waliowapa watoto majina. Kama moyo uliweza kuunganisha nusu mbili za watu wasiowahi kuonana, unashindwaje kumpokea mwanamke wa pili katika nafasi ile ile?

Wifi hujibu: "Sauti nimeizoea toka mwanzo, sura niliibadilishiwa njiani." Ni jibu la haki. Basi tuangalie hiyo njia yenyewe.

Hurrem wa misimu ya kwanza anapanda. Ana njaa, ana hasira, anarusha vitu, anacheka mbele ya watu anaopaswa kuwaogopa. Hurrem wa msimu wa nne ana watoto wakubwa, na katika ufalme ule watoto wakubwa wa kiume ni hukumu iliyokaa juu ya kichwa cha mama: mmoja atakalia kiti, waliobaki watanyongwa kwa kamba. Mwanamke wa namna hiyo hachekicheki. Anahesabu. Perçin alimweka Hurrem kwenye mabega. Tazameni anavyoingia chumbani, taratibu, kama mtu anayejua kila mlango una sikio. Waliosema "hana uchangamfu" wamesema kweli, na hicho ndicho alichopaswa kukosa.

Wengi mnasema angeuawa tu, yaishe. Hili mimi silikubali hata kidogo. Sisi tuliokulia kwenye sinema za vibandani tunajua kanuni kwamba steringi hafi, lakini hapa hata kanuni hiyo hatuihitaji, maana historia yenyewe inakataa. Hurrem wa kweli alifariki 1558, na Suleiman akamfuata 1566. Kabla ya hapo kuna kuuawa kwa Mustafa, mwana wa Suleiman kwa mwanamke wake mwingine, Mahidevran, mwaka 1553, jambo ambalo wanahistoria wengi wanamtaja Hurrem na mkwewe Rustem kuwa nyuma yake. Ukimuua Hurrem kwa kuwa mwigizaji kachoka, kisa cha Mustafa unamwachia nani? Msimu mzima wa nne unaelekea kwenye hema lile ambamo Mustafa anaingia kumwona baba yake na hatoki. Bila Hurrem ni baba kamuua mwana bila sababu.

Na kuna jambo ambalo katika ubishi huu silisikii likitajwa. Meral Okay, mwandishi aliyeibuni tamthilia ile, alifariki Aprili 2012, hadithi ikiwa haijafika hata nusu. Kalamu ikachukuliwa na Yılmaz Şahin. Aliyekuwa anaamua Hurrem aseme nini, anyamaze wapi, amchukie nani, aliondoka duniani, na hatukuzima TV. Tulibadilishiwa roho ya mhusika tukaendelea kula chakula chetu cha usiku. Tulipobadilishiwa uso ndipo tukasusa. Nawaomba mlitafakari hilo kabla hamjanijibu.

Wanaopenda dawa ya kaburi wawaulize mashabiki wa zamani wa Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi ya India, iliyoanza 2000. Mihir, mume wa Tulsi, aliyeigizwa na Amar Upadhyay, aliuawa kwenye hadithi. Watazamaji wakaja juu mpaka akafufuliwa. Upadhyay alipoondoka akaja Inder Kumar, kisha Ronit Roy akashika mpaka tamthilia ilipofungwa 2008. Tulsi mwenyewe, Smriti Irani, naye aliachia nafasi kwa muda ikashikwa na Gautami Kapoor, halafu akarudi. Sasa tuulizane: kipi kiliwaumiza watu zaidi, Mihir mwenye sura tatu au Mihir aliyeliliwa msiba wa uongo? Kwangu mimi msiba wa uongo ni mbaya zaidi, kwa sababu unaninyang'anya machozi ya safari ijayo. Dallas ya Marekani ilifanya hivyo hivyo: Bobby Ewing alikufa 1985, mwaka uliofuata akaonekana bafuni anaoga, ikasemwa msimu mzima ulikuwa ndoto ya mkewe. Msimu mzima! Watu walikaa mwaka wakihesabia yaliyotokea, kumbe hayakutokea.

Kuna dawa ya tatu ambayo ndiyo inanikera kuliko zote, ya ajali na upasuaji wa uso. Dynasty ilimfanyia hivyo Steven Carrington, mlipuko kwenye kisima cha mafuta, bandeji zikafunguliwa, sura ya mtu mwingine. Kundali Bhagya ya India wakalirudia kwa Karan mwaka 2022 Dheeraj Dhoopar alipoondoka akaja Shakti Arora: katupwa, kaokolewa, karudi na uso mpya na jina jipya kulipiza kisasi kwa mkewe. Kuna watakaosema angalau wametoa maelezo. Mimi maelezo hayo siyataki. Nikibadilishiwa mwigizaji kimyakimya, nimeheshimiwa kama mtu mzima anayejua kwamba haya ni maigizo. Nikitungiwa hospitali ya miujiza, hadithi yenyewe inapindishwa ili kuficha jambo la ofisini. Muhteşem Yüzyıl hawakufunga bandeji. Waliruka miaka, wakamleta mwanamke mwenye umri wa miaka hiyo, wakaendelea.

Hapa kuna hoja iliyoniweka macho usiku. Kaka yangu, mume wa huyo huyo wifi, anayejifanya hatazami huku kila jioni yupo, aliniambia: "Mkikubali kila sura inabadilishwa, mwigizaji atakuwa na thamani gani? Akidai hela yake wataleta mwingine." Akataja Generations ya Afrika Kusini. Agosti 2014 waigizaji wakuu 16 waligoma kwa ajili ya malipo na mikataba, wakafukuzwa wote kwa mpigo. Tamthilia ikakaa kando miezi miwili, ikarudi Desemba bila wao na jina limeongezwa: Generations: The Legacy. Watu wakatazama.

Hilo sina jibu jepesi. Kaka ana haki, na ningekuwa mmoja wa wale 16 ningetamani kila sebule ya Afrika Kusini izime TV kama alivyozima wifi. Lakini kosa la pale lilikuwa kufukuza watu waliodai jasho lao, na dawa yake ni mikataba. Mgeukie na Uzerli. Tamthilia za Kituruki kwao hutoka sehemu moja kwa wiki, na sehemu moja ina urefu wa sinema nzima. Huku nje tunauziwa zikiwa zimekatwa vipande vifupi, ndiyo maana tunadhani ni kazi ndogo. Wiki baada ya wiki, miaka miwili na ushee, umebeba kichwani vilemba na mataji. Mtu anaposema nimechoka, aambiwe baki kwa sababu wifi wa mtu hatalala? Kubadilisha sura ndiko kulikompa ruhusa ya kwenda kupumzika bila kuua hadithi ya wenzake. Yule anayefukuzwa na yule anayeondoka kwa hiari tusiwapime kwa kibaba kimoja.

Na sisemi kila badiliko ni jema. Kumkum Bhagya, nayo ya India, pale mabinti wa Abhi na Pragya walipokua, Rhea alipita mikononi mwa waigizaji watatu ndani ya miaka michache: Naina Singh, Pooja Banerjee, Tina Philip. Hapo hata mimi niliyeketi upande huu nilipotea. Mara ya kwanza unajizoesha, mara ya tatu unaacha kumshughulikia mhusika kwa sababu unajua naye anapita. Ridge wa The Bold and the Beautiful ni habari nyingine: Ronn Moss alimbeba miaka 25, akaondoka 2012, Thorsten Kaye akaingia mwishoni mwa 2013. Zaidi ya mwaka kiti kilikuwa kitupu, watu wakapata muda wa kumuaga yule kabla ya kumpokea huyu. Darlene Conley alipofariki 2007, wale wale hawakumtafutia Sally Spectra sura nyingine wala hawakumuua, walimwacha anaishi mbali na macho yetu. Hilo nalo niliona ni adabu.

Kwa hiyo naangalia mambo mawili. Kwanza, je, hadithi inamhitaji mhusika, au watengenezaji wanaogopa tu kupoteza jina lililozoeleka? Pili, je, miaka imepita ndani ya hadithi, au jana kavaa gauni jekundu na leo mwingine kavaa gauni lile lile? Hurrem anashinda kote kuwili. Kwa tamthilia zetu wenyewe bado nasitasita. Maria ya Citizen TV, kwa mfano: Yasmin Said angeondoka katikati, ningempokea Maria mwingine pale pale kwa Luwi? Nadhani hapana, kwa sababu Maria hakuwa na miaka ya kuruka, ni binti wa leo anayeishi leo. Anayeona tofauti aseme, hapo naweza kubadilika.

Wifi amesharudi kutazama, tangu zamani. Alirudi usiku ule wa msiba wa Shehzade Mehmed. Alikuwa amesimama mlangoni kana kwamba anapita kwenda jikoni, kikombe mkononi. Hurrem aliambiwa mwanawe mkubwa hayupo tena. Mama aliweka ungo chini, punje zikamwagika mkekani na hakuziokota. Wifi alikaa pale pale kizingitini mpaka mwisho, na chai ikapoa. Asubuhi akaniambia bado anamtaka yule wa kwanza.

Sawa. Ninyi mnaosema angeuawa msimu wa tatu, nijibuni moja tu: Mehmed angeliliwa na nani?