Bomba la majitaka limeoza, kiwanja ni changu: watwae au wapite tu?

Mwenye Hati: Wakuu, mtaani kwetu Ilala hii mada imeshagawa watu. Bomba kuu la majitaka linalopita nyuma ya nyumba zetu limechoka. Mvua ikinyesha, chemba zinafumka na maji meusi yanaingia hadi barazani. Sasa tumeambiwa linabadilishwa, na viwanja kadhaa vitatwaliwa. Wathamini wameshapita, wamehesabu mpaka miembe.

Libadilishwe, hata kesho. Dar tuliona kipindupindu cha 2015, hakuna wa kubisha. Ila kubadilisha bomba si lazima uninyang'anye kiwanja. Bomba liko chini ya ardhi, linachohitaji ni mkuza: ukanda ambao sitajenga juu yake, na fundi akija kuzibua nimfungulie geti. Haki ya njia ya namna hiyo imo kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Nilipeni ukuta, miti na usumbufu, hati ibaki yangu. Kutwaa kabisa kuwe kwa pale panapojengwa kituo cha pampu. Na fidia itangulie koleo. Sheria hiyohiyo inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati.

Mpiga Zege: Mkuu, inaonekana hujawahi kuona bomba kubwa likichimbuliwa. Mtaro wa mita tatu kwenye mchanga wetu huu hauchimbwi kwa upana wa bomba, kuta zinaporomoka. Katapila linataka pa kusimama, udongo unataka pa kumwagwa. Ukimaliza umebaki na chumba kimoja na choo, hiyo utaita nyumba? Bora utwaliwe chote, ulipwe, ukajenge Chanika.

Na msiniambie "wapite barabarani". Majitaka yanafuata mteremko. Ukikwepa nyumba tatu unalazimika kuchimba kina zaidi au kuweka pampu, na pampu umeme ukikatika nadhani mnajua yanakorudi.

Kwa Sheria: Kutwaa wanaruhusiwa, tusidanganyane. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inampa Rais mamlaka ya kutwaa kwa manufaa ya umma, na usafi wa mazingira umetajwa humo. Kwa hiyo halmashauri haitwai kwa jina lake. Mimi swali langu ni kwa waliojenga juu ya bomba. Hao wasilipwe hata senti. Kimara 2017 waliambiwa wako ndani ya hifadhi ya barabara, nyumba zikaenda.

Mwenye Hati: Usilinganishe, mkuu. Hifadhi ya barabara ina upana unaojulikana kisheria. Hili bomba halina hata kigingi kimoja. Nyumba ya pili kutoka kwangu, kifuniko cha chemba kiko jikoni, jiko la mkaa limekaa juu yake, mwenyewe alinunua nyumba ikiwa hivyohivyo. Kodi ya jengo serikali inamkata kwenye LUKU tangu 2021. Leo ndiyo awe mvamizi?

Mama Muuza Uji: Wanangu, mnagombania hati, sisi wapangaji hata hatutajwi. Mimi napikia uani kwa mtu. Mthamini kaja, kaandika nyumba, kaandika mwembe, meza yangu kairuka.

Kwa Sheria: Shikamoo mama. Kanuni za fidia za 2001 zinataja faida inayopotea: faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Tatizo ni kwamba zinazungumzia hesabu zilizokaguliwa, pale inapohitajika.

Mama Muuza Uji: Marahaba. Hesabu za uji akague nani?

Mwenye Hati: Mama kamaliza kila kitu. Ndiyo maana nasema wapunguze kwanza idadi ya watu wa kuhamishwa. Mpiga Zege, wewe ni fundi, tuambie ukweli. Bomba la zege huliwa kuanzia juu: gesi ya majitaka inapanda, inageuka asidi kwenye dari ya bomba, zege linamomonyoka. Lakini kama halijaporomoka, si inawezekana kuvuta bomba la plastiki ndani ya lile la zamani, kutoka chemba hadi chemba, bila kugusa nyumba?

Mpiga Zege: Inawezekana. Ila la ndani linakuwa jembamba kuliko la zamani, na mtaa uliokuwa na nyumba za chini leo una maghorofa. Ukitaka kubwa zaidi, kuna mashine ya kulipasua la zamani huku inavuta jipya, nayo haipendi kupita karibu na misingi ya nyumba. Lazima kwanza kamera ipite ndani ijulikane wapi pazima na wapi pamekufa.

Mwenye Hati: Na hiyo kamera imepita kwetu? Maana mthamini kapita, kamera sijaiona.

Mpiga Zege: Haiwezi kupita kwenye bomba lililojaa mchanga. Lisafishwe kwanza.

Mwenye Hati: Basi lisafishwe. Halafu ndiyo waje kuhesabu miembe.