Fundi wa intaneti katoboa bomba la maji sebuleni kwangu, kampuni inaniambia "malizana na fundi mwenyewe"

Wanajamvi habari zenu. Mnisamehe uzi utakuwa mrefu, nina siku ya tisa leo silali vizuri na simu niliyopigiwa mchana huu ndo imenimaliza kabisa.

Niko Arusha, Moshono. Nimepanga nyumba na sebuleni hapo hapo ndo nashonea, nina charahani mbili na overloki moja, ndo zinazotulisha. Nikaamua niweke intaneti ya faiba maana wateja siku hizi mishono wananitumia kwa WhatsApp na binti yangu yuko form foo, bando zilikuwa zinatumaliza. Kampuni sitaitaja jina. Nikajaza fomu yao, nikalipa laki moja ya kufungiwa pamoja na mwezi wa kwanza kwa lipa namba YAO, meseji ya muamala ninayo mpaka sasa. Fundi sikumpa hata mia, sikumchagua mimi, namba yake sikuwa nayo. Naomba mlishike hilo kabla hamjaendelea kusoma.

Jumamosi saa nne asubuhi akaja kijana mmoja, kavaa fulana yenye nembo yao, kitambulisho shingoni, drili mkononi. Akaangalia angalia akasema atatobolea ukuta wa kona ili waya usizunguke sana. Nikamwambia kwa mdomo wangu, mwanangu hapo nyuma ni jikoni na sinki liko usawa huo huo, si utapiga bomba? Akanijibu mama usiwe na wasiwasi, mabomba yanapita chini. Jamani mimi si fundi lakini najua nyumba za siku hizi PPR, yale mabomba ya plastiki, inachimbiwa ndani ya ukuta na inapanda wima mpaka kwenye koki, ukiona koki upande wa pili hutoboi juu yake, hutoboi chini yake, hutoboi usawa wake, unasogea. Angesogea hata nusu mita kulia tusingekuwa hapa. Na alikuwa na ile biti ndefu ya kupasua ukuta upande mpaka upande.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Drili ilikuwa inalia kwa nguvu kwenye tofali, ghafla sauti ikalainika kama imeingia kwenye sabuni. Alipoichomoa ukatoka kwanza uji wa simenti wa kijivu, halafu maji yakaja kwa presha yakavuka chumba yakapiga kochi la upande wa pili. Kijana akaziba tundu kwa kidole gumba. Kidole gumba ndugu zangu! Hana plagi, hana kipande cha mpira, na hakuniuliza koki kuu iko wapi KABLA ya kutoboa, anauliza maji yakiwa yameshafika mlangoni. Nikakimbia getini kwenye mita nikafunga, narudi ndani maji bado yanakuja vile vile, kumbe yanashuka kutoka kwenye simtanki la lita 2000 lililo juu ya mnara, kwa hiyo kufunga mita hakusaidii kitu, na koki ya tanki iko huko huko juu na ngazi ilikuwa kwa jirani. Mpaka ngazi inafika na mtu anapanda zilipita kama dakika ishirini. Extension ya mashine ilikuwa chini sakafuni na ina umeme. Binti yangu ndo aliwahi mein swichi akazima, bila yule mtoto leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa, na hapa naandika machozi yananitoka.

Baada ya hapo binti akapiga video, tundu, maji, mzigo, na fundi anasikika kabisa anasema "mama nisamehe, nimekosea". Tukatoa kila kitu nje kwenye jua, tukadeki mpaka saa kumi jioni.

Hasara ni hii. Fundi bomba kupasua ukuta na kuunga PPR 65,000. Mota ya overloki imeungua, 180,000. Kabati la MDF limevimba chini, mlango haufungi tena, 350,000. Plasta na rangi, kwa makadirio ya fundi, 150,000. Na vitambaa vya wateja 240,000. Hivi vitambaa ndo vinaniuma kuliko vyote. Kulikuwa na lesi nyeupe ya mama mmoja, ya sendofu ya mwanae, nilikuwa nimeshaikata na mgongo nimeshaunga. Ilikuwa kwenye tenga pamoja na vitenge vyekundu, vitenge vikatoa rangi ikapanda kwenye lesi, maua yote ya chini yamekuwa ya waridi waridi na pale kwenye mshono rangi imekaa kama mstari uliochorwa kwa peni. Nimeloweka mara tatu haitoki. Ilibidi nimpigie yule mama nimwambie. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu halafu akaniuliza tu, "sasa mwanangu atavaa nini?" Nimenunua lesi nyingine kwa hela yangu, nikaishona usiku na usiku. Jumla 985,000, na siku nne ambazo overloki haikufanya kazi sijazihesabu.

Sasa sikilizeni kampuni. Siku ya kwanza dada wa huduma kwa wateja kaniambia "pole sana mpendwa mteja, tunalifanyia kazi". Siku ya tatu wakaniambia watanipa mwezi mmoja wa intaneti bure. Mwezi mmoja! Siku ya sita wakasema fundi sio mwajiriwa wao, ni wa kujitegemea wanampa kazi tu, kwa hiyo nimalizane naye. Leo ndo wakaja na kubwa kuliko, eti kwenye fomu niliyosaini kuna kipengele kinasema kampuni haitahusika na uharibifu wowote nyumbani kwa mteja. Ile fomu nilisaini kwa kidole kwenye kioo cha simu, maandishi madogo kama chawa, na hakuna aliyenisomea.

Halafu nimalizane na nani? Yule kijana kanipigia mwenyewe usiku analia, analipwa kwa kila nyumba anayofunga na ile drili yenyewe kaazima. Nimkamue laki tisa anitolee wapi? Alikosea, tena nilimwonya, sifichi hilo. Ila mimi sikuingia makubaliano na yeye. Hela mmechukua nyie, mtu mmemtuma nyie, fulana mmemvalisha nyie, siku akifunga vizuri mnasema "timu yetu", akiharibu anakuwa wa kujitegemea. Hii ndo inanitia hasira kuliko hata maji yenyewe.

Na baba mwenye nyumba naye kaja kuona ukuta, mzee mstaarabu wala hakufoka, ila kaniambia mwanangu nyumba nilikukabidhi nzima, utanirudishia nzima. Ana haki. Kwa hiyo mimi nawajibika kwa mwenye nyumba, nawajibika kwa wateja wangu, kampuni ndo isiwajibike kwa mtu yeyote?

Nimeenda kwa msaidizi wa kisheria hapa mtaani, hawa waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kanielewesha vizuri sana. Kwamba mkataba wangu ni na kampuni, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inasema aliyevunja makubaliano anamlipa mwenzake hasara iliyotokana na kuvunja huko kwa njia ya kawaida, na kumpa mtu mwingine kazi yako hakukuondoi wewe kwenye ahadi yako. Kaniambia nitunze risiti zote na kwamba nimefanya vizuri kuanika vitu na kuunga bomba mapema, maana hata mdai anatakiwa apunguze hasara, ukikaa unaangalia vitu vinaoza watakuja kukugeuzia. Kuhusu kile kipengele kasema kitabishaniwa, mimi nisikate tamaa kwa sababu ya maandishi tu, na kwamba Tume ya Ushindani, FCC, inashughulika na mikataba ya namna hii ambayo kampuni imeshaiandika mteja unabaki kusaini. Na muda ninao, madai ya mkataba ukomo wake ni miaka sita.

Barua ya madai tumeshaiandika kwa Kiswahili, kurasa mbili, na picha na risiti nyuma. Nimewapa siku 14. Jumatatu naipeleka ofisini kwao kwa mkono na sitoki mpaka wanigongee muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu.

Mliopo Arusha au Moshi ambao mmewahi kudai kampuni iliyojificha nyuma ya fundi, mlianzia wapi na walilipa? Na kama una mafundi wanakuja kutoboa kwako wiki hii, wapeleke kwanza upande wa pili wa ukuta waone koki ilipo, na ngazi iwe nyumbani.

Mrejesho ntaleta Jumatatu jioni.