Embrayolojia inanimaliza, wiki ya nne haiingii kabisa. Ushauri wenu wakuu

MsomiMchovu:
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa pili udaktari, nina sapu (mtihani wa marudio) moja tu, embrayolojia, lile somo la mtoto anavyoumbika tumboni wiki kwa wiki, mtihani ni baada ya wiki tatu. Anatomia nimepita, fiziolojia nimepita, hii ndo imenikaa kooni. Wiki ya kwanza naijua kama sala, yai linarutubishwa kwenye mrija, linagawanyika, siku ya tano hivi ni blastosisti, yaani kifuko cha seli, siku ya sita linaanza kujipachika. Wiki ya pili ile ya kila kitu viwiliviwili sina shida nayo. Ya tatu matabaka matatu ya seli, freshi. Nikifika ya nne naganda, ukurasa mmoja masaa mawili afu nafunga kitabu nalala. Nafikiria kuahirisha mwaka, fomu nimeshachukua. Niahirishe au nikomae? Na nyie mnatumia mbinu gani kukariri?

Fundi Mifupa:
Acha kukariri mkuu, embrayolojia ni mikunjo. Tandika shuka kitandani, bonyeza mfereji katikati, nyanyua kingo za huo mfereji mpaka zigusane, hapo umepata mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Unaanza kufunga usawa wa shingo afu unaenda pande zote mbili kama zipu mbili, tundu la kichwani linafunga kama siku ya 25, la mkiani siku ya 28. La juu likigoma mtoto anakosa fuvu na sehemu kubwa ya ubongo, la chini likigoma ni mgongo wazi. Utumbo unavyojizungusha mimi nilitumia waya wa chaja, nikausokota nyuzi 270 kinyume na mshale wa saa nimesimama mbele ya kioo, mama akafungua mlango akaniangalia akafunga taratibu. Hakuniuliza mpaka leo.

Babu Darubini:
Vijana wa sasa mna video, mna picha zinazozunguka, bado mnalia. Sisi mwalimu alikuwa anachora yale matabaka matatu kwa chaki, bluu ektodemu, nyekundu mesodemu, njano endodemu, mkono wa kulia unachora wa kushoto unafuta. Ukipiga chafya umeachwa wiki nzima. Na hatukuahirisha.

KichekoTu:
Mimi nilikwama wiki ya kwanza, upande wa mazoezi kwa vitendo 😂😂

Dada Mkunga:
Mdogo wangu hebu ngoja kwanza. Mtu mvivu anakwama kitabu kizima, hakwami ukurasa mmoja. Wiki ya nne ina nini na wewe?

MsomiMchovu:
Hakuna kitu dada, ni ngumu tu.

Dada Mkunga:
Moyo umeanza kudunda siku ya 22 hivi, vichipukizi vya mikono vinachomoza, matao ya koromeo yanajipanga. Aliyeielewa ya tatu hawezi kuzidiwa na hii. Sema.

MsomiMchovu:
Ok. Ila msinitukane. Mpenzi wangu ana mimba. Mimi nilikuwa kwenye dozi ya vidonge vya chunusi, isotretinoini, na yeye uso ulikuwa unamsumbua, tulivyokutana likizo nikamkatia vidonge kumi, kimoja kila siku. Boksi nikabaki nalo mimi. Lile boksi lina kimchoro cha mama mjamzito kapigwa mstari. App ya simu yake inasema sasa hivi ni wiki ya saba, nikarudi nyuma kuhesabu, wiki ya nne alikuwa bado anameza. Ndo maana ule ukurasa siumalizi.

Babu Darubini:
Mwaka wa pili ushaanza kuandikia watu dawa. Thalidomaidi mmefundishwa ama mliruka? Ujerumani Magharibi iliingia sokoni 1957, wajawazito wakaimeza kwa ajili ya usingizi na kichefuchefu, mpaka inaondolewa 1961 watoto elfu kumi na zaidi duniani wameathirika, wengine mikono imeanzia begani ikaishia begani. Na ile waliitoa watu wenye maabara, sio mtu mwenye sapu.

KichekoTu:
Babu punguza, mtu hata usingizi hapati.

Dada Mkunga:
Yeye anajua?

MsomiMchovu:
Mimba anajua. Kuhusu dawa hajui. Jamani mnielewe, na yeye ana mitihani, nikimwambia sasa hivi nitamvuruga bure na labda hakuna tatizo lolote. Nilipanga nimalize sapu kwanza ndo nimwambie ana kwa ana. Wiki tatu sio nyingi.

Mpelelezi wa Chai:
Wakuu mnapigwa chai ya moto na mnakunywa. Mtoa mada, mlikutana likizo lini?

MsomiMchovu:
Wiki tano zilizopita. Kabla ya hapo tulikuwa hatujaonana miezi miwili.

Mpelelezi wa Chai:
Haya. Mmekutana wiki tano zilizopita, mimba ina wiki saba. Ama hii stori umeitunga ukasahau hesabu ama kuna mwenzio alikutangulia. Mods fungeni uzi.

KichekoTu:
Kabambikiwa 🙆🏾‍♂️ pole sana mkuu

Fundi Mifupa:
Mpelelezi we umefeli kabla ya sapu. Kliniki na hizo app zinahesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yai lenyewe linatoka kama wiki mbili baadaye. Kitabu cha embrayolojia kinahesabu kuanzia kurutubishwa. Saba toa mbili, tano. Imekaa sawasawa.

MsomiMchovu:
Subirini. Kumbe wiki ya nne ya app ni wiki ya pili ya kitabu???

Dada Mkunga:
Ndiyo.

MsomiMchovu:
Na kwenye mtihani swali lilitoa tarehe ya hedhi ya mwisho, nikahesabu moja kwa moja 🤦🏾‍♂️ Lakini basi si afadhali? Wiki mbili za kwanza kitabu kinasema ni yote au hakuna, ama mimba inatoka ama inaendelea salama. Na haijatoka. Kwa hiyo hata sina haja ya kumwambia.

Dada Mkunga:
Hapana mdogo wangu, usikimbilie hapo. Hii dawa haiishi mwilini siku unayomeza kidonge cha mwisho, ndo maana anayetumia anaambiwa akiacha akae mwezi mzima ndipo ashike mimba. Inagusa masikio, uso, moyo, ubongo. Inawezekana mtoto yuko salama, mimi sijui na wewe hujui, anayetakiwa kulipima hilo ni daktari wa wajawazito akiwa na tarehe sahihi na jina la dawa. Na hizo wiki tatu zako zikiisha kiinitete kimefika ya nane, vidole vimeshatengana. Mwili ni wake, lazima ajue alimeza nini. Leo.

Mpelelezi wa Chai:
Mi bado nasema chai. Ila hilo la wiki mbili sikulijua.

MsomiMchovu:
Nimempigia mara mbili hapokei, yuko maktaba. Nimemtumia picha ya boksi.

Dada Mkunga:
Picha ya boksi? Bila neno lolote?

Fundi Mifupa:
Kaka futa hiyo picha kabla hajaiona. Vaa viatu, mfuate hukohuko maktaba.

MsomiMchovu:
Tiki zimeshakuwa za bluu.