Michoro ya ukutani Dar: nianzie wapi?

Mgeni wa Jiji:
Wakuu, nina siku moja Dar na nataka kuona grafiti. Niende wapi? Na kwa nini majengo ya zamani ya mjini kati hayana michoro?

Fundi Rangi:
Karibu mkuu. Anzia Nafasi Art Space, kituo cha sanaa kilichopo Mikocheni. Kuta hupakwa upya, hivyo usitegemee picha za zamani za mtandaoni. Kisha pita Morogoro Stores, Oysterbay, uone picha za mtindo wa Tingatinga. Si grafiti, lakini sogea karibu: rangi ya mafuta inayong'aa, nukta juu ya nukta. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, alianza na rangi ya baiskeli.

Kuhusu majengo ya zamani, Old Boma imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa tangu miaka ya 1860. Ukuta huo lazima upumue. Ukiuziba kwa rangi ya kopo la kupuliza, unyevu na chumvi vinakwama nyuma yake, rangi inafanya malengelenge, halafu inabanduka na lipu yake. Tafadhali msiiguse.

Mama Kivukoni:
Nakazia. Ukuta wa saruji ndio wa kuchorea: kwangua, osha chumvi, acha ukauke kabisa, paka praima (rangi ya msingi). Lipu mpya isubiri wiki 4. Kopo likae kama sentimita 20 kutoka ukutani. Ukilisogeza karibu sana au mkono ukisimama, rangi inachuruzika.

Picha piga asubuhi, jua halijawa kali. Muombe mwenye ukuta kwanza, na kamera usiielekeze Ikulu wala bandarini.