Kanda za zamani za mtangazaji mkongwe: zichezwe moja kwa moja ukumbini?

MwanaIlala: Wakuu, tunaandaa usiku wa kumuenzi mtangazaji mstaafu wa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam). Familia yake imetoa kaseti kadhaa na kanda mbili za riili za robo inchi, moja haina hata lebo. Jamaa mwenye mashine ya riili anataka zichezwe palepale ukumbini. Inafaa?

FundiKanda: Hapana mkuu, na msizijaribu kwanza "kusikia tu". Inua riili mbele ya taa. Mwanga ukipenya kwenye mzingo wa kanda, hiyo ni asetati (plastiki ya kanda za zamani zaidi): hukatika kirahisi, na ikinuka siki imeshaanza kuoza. Usiipashe moto kamwe.

Mwanga usipopenya ni poliesta, plastiki ngumu zaidi. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake hunyonya unyevu, na kwa joto letu la Dar ndiyo usiseme. Ukiicheza inalia kama bawaba yenye kutu na kuacha matope ya kahawia kwenye hedi (kile kichwa cha mashine kinachosoma kanda). Matope hayo ndiyo sauti yenyewe inayobanduka. Ikiwa hivyo, ikaushwe kwa nyuzi 50 hadi 54 kwa saa 8 hivi, kwenye kikaushio chenye kidhibiti joto (oveni ya gesi sahau), ipoe kabisa, kisha inakiliwe bila kuchelewa. Hifadhi kama faili ya WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, kHz 96. Spidi za studio huwa sm 19 au 38 kwa sekunde. Ukiweka 38 kwenye kanda ya 19, mzee wetu atasikika mtoto.

MwanaIlala: Shukrani mkuu. Na kaseti nazo zikaushwe?

FundiKanda: Kwa kawaida hazihitaji. Angalia kile kisponji kilicho nyuma ya utepe. Kikibanduka, sauti inafifia. Halafu zungusha taratibu skrubu ya hedi mpaka "s" na "sh" zisikike kali. Mafundi wengi huiruka hatua hii, kisha wanailaumu kaseti.

Mama Vipindi: Msisahau haki. Familia kuwa na kanda hakuipi haki ya kipindi. RTD sasa ni TBC (Shirika la Utangazaji Tanzania), waandikieni barua mapema mkitaja kila kipande. Muziki uulizieni COSOTA (ofisi ya hakimiliki), kibali cha onyesho BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa).

Vipande visizidi dakika moja na nusu. Kata mvumo wa chini ya Hz 80, na sauti itoke sawa spika zote mbili. Kanda nyingi za mahojiano ni mono (sauti ya njia moja tu), upande mmoja wa ukumbi usije ukaambulia ukimya.