Mchezo gani wa kusukuma vigae unafaa tableti kuukuu? (ulinganisho)

MtuWaLangoni
Assalamu alaikum jamaa. Nina tableti ya zamani, kioo kimepata ufa pembeni lakini inafanya kazi. Nataka niitilie mchezo wa kusukuma vigae, wacheze mwanangu wa miaka minane na mamangu. Wakishavuka Mokowe na kupanda basi la Malindi, kuanzia Witu mpaka Garsen mtandao ni wa kubahatisha, na mtoto akichoka kuangalia dirishani basi zima litamjua. Masharti: uchezeke bila bando, usiwe na matangazo, usimalize chaji. Nimeona ule wa kupanga namba 1 hadi 15 kwa kusogeza vigae kwenye nafasi moja tupu, nimeona 2048, na ule wa kuchomoa gari jekundu kwenye msongamano. Nichukue upi?

FundiSimu_Mkomani
Wa alaikum salaam. Usihangaike, pakua Simon Tatham's Portable Puzzle Collection. Ni ya bure, haina tangazo hata moja, na ukishaipakua haikuulizi intaneti tena. Ndani mna mafumbo mengi, wewe fungua linaloitwa Fifteen. Sura yake ni kavu, vigae vya kijivu na namba tu, hakuna muziki wala nyota za kurukaruka. Ndiyo maana chaji inakaa. Uzuri mwingine, ukigusa kigae chochote kilicho mstari mmoja na nafasi tupu, vyote vya katikati vinasogea pamoja. Ukikosea unarudi nyuma hatua moja moja.

Ila kuna kitufe cha Solve. Mtoto akikigundua umekwisha: namba zinajipanga zote papo hapo, wala hamtaona zimepitia wapi.

BintiShela
Mimi nasema 2048. Huo wa 15 ukishaupanga mara moja umeujua, raha imekwisha. 2048 kila ukicheza ni vita vipya. Unateleza, vigae vyote vinakwenda upande mmoja, 2 na 2 inakuwa 4, 4 na 4 inakuwa 8, unapanda hivyo hivyo. Na mtoto anajifunza kujumlisha bila kulazimishwa.

FundiSimu_Mkomani
Dada, huo hata si wa aina moja na alioulizia. Kwenye 15 kila kitu kiko wazi tangu mwanzo, ukishindwa ni wewe. Kwenye 2048 kila ukiteleza kinaongezwa kigae kipya mahali usipopachagua, mara tisa kwa kumi ni 2, mara moja ni 4. Bahati imo ndani.

Halafu angalia unapakua ipi. Kijana wa Kiitalia, Gabriele Cirulli, aliiandika mwishoni mwa wiki moja tu Machi 2014, akiwa na miaka 19, akaiachia wazi msimbo na yote. Basi kila mtu akanakili. Nimeletewa simu hapa dukani zina nakala ambazo ukiteleza mara tatu unafungiwa tangazo la kioo kizima. Sharti lake la pili hapo limeshakufa.

BintiShela
Bahati imo hata kwenye karata na watu hawaachi kucheza 😂 Lakini la matangazo nimekubali. Mimi nachezea kwenye kivinjari, sikuwaza habari ya njiani.

NahodhaMstaafu
Wanangu, na mchezo wenyewe wa mkononi je? Kijisanduku cha plastiki, vigae 15, hauna chaji wala bando. Ninao mmoja tangu watoto wangu wadogo. Tatizo, mjukuu alibandua vigae kwa ncha ya kisu akavirudisha. Tangu hapo mstari wa mwisho unaniletea 13, 15, 14. Vingine vyote vimekaa sawa. Nimekaa nao barazani mpaka alasiri ikaadhiniwa. Sijui mkono umezeeka ama kichwa.

Maalim_Drafti
Mzee wangu, kichwa ki sawa. Huo hauwezekani, na haujawahi kuwezekana. Mmarekani Sam Loyd alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayezibadilisha 14 na 15 peke yake. Pesa zake hazikuwa hatarini hata kidogo, kwani wanahisabati walikwisha kuthibitisha tangu 1879 kwamba haiwezekani. Tena alidai mchezo ni wake, kumbe ulibuniwa na mkuu wa posta wa mji wa Canastota, New York, Noyes Chapman.

Sababu utaiona kwa ubao wa drafti. Chukulia vyumba 16 vimepakwa cheupe na cheusi. Kila hatua, nafasi tupu inatoka cheupe kwenda cheusi au kinyume chake. Kwa hiyo ikiondoka kwenye kona yake ikarudi kona ile ile, lazima imepiga hatua za shufwa. Na kila hatua ni kubadilishana kumoja, kigae na nafasi tupu. Kuzigeuza 14 na 15 peke yake kunataka idadi ya witiri. Witiri haitapatikana kwa shufwa, usukume mpaka Idi. Chukua kisu kile kile, ubandue hizo mbili uzibadilishe.

Hili linahusu na wanaopakua programu ovyo: iliyochanganya vigae kwa kubahatisha tu, nusu ya mafumbo yake hayapangiki. Hiyo ya Tatham hukupa yanayopangika tu.

NahodhaMstaafu
Ahsante maalim. Yaani huyu mtoto kanipotezea siku yangu bure. Nitamwita.

MamaWawili_Malindi
Mimi naongelea mtoto wa miaka minane maana ninaye. Usimwanzishie 15. Kwenye hiyo Fifteen unaweza kupunguza ukubwa, weka tatu kwa tatu, namba 1 hadi 8. Hilo hata likichanganywa vibaya kuliko yote halizidi hatua 31 kwa anayejua njia fupi, wakati la 15 linafika 80. Na vigae vinakuwa vikubwa, bibi ataviona bila kutafuta miwani.

Atakwama kwenye namba ya mwisho ya mstari, wote hukwama hapo. Akishahamia la 15 mwonyeshe hivi: 1 na 2 zikishakaa, 3 ipeleke pembeni kabisa, mahali pa 4. 4 iwe chini yake. Nafasi tupu iwe mahali pa 3. Sasa 3 inakwenda kushoto, 4 inapanda. Kwisha. Mstari huo usiuguse tena.

Wa gari jekundu ni mzuri pia, wangu anaupenda kuliko zote. Asili yake ni Rush Hour ya Mjapani Nob Yoshigahara. Lakini wa simu niliopata mimi wa bure una matangazo.

MtuWaLangoni
Nimeshiba. Naweka ya Tatham, tatu kwa tatu kwanza. BintiShela usininunie, 2048 nitacheza mimi nyumbani. Fundi, hicho kitufe cha Solve kinafichika?

FundiSimu_Mkomani
Mimi sijui namna ya kukificha. Mkalishe karibu na bibi yake. Na ilete hiyo tableti dukani kabla ya safari nikubandikie kioo cha juu, huo ufa ukipata mtikisiko wa basi utatambaa.